Kuku wa Kiti cha Enzi

Mkomani, Amu
Alhamisi, mwezi 12 Mfungo Tano, mwaka 1330

Mpendwa ndugu yangu Athman bin Muhdhar,

Assalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Kwanza nijulishe hali yako, mwana wa mamangu. Kile kikohozi cha alfajiri kimekuachilia, au bado wakipuuza mpaka kikulaze? Na Bi Swafiya, mkeo, hajambo? Mpe salamu zangu sasa hivi kabla hujasoma zaidi, maana huko mbele nina maneno makali na sitaki salamu zake zichanganyike nayo.

Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Goti langu la kushoto linalalamika nikipanda ngazi, na mvua za vuli zilitoboa dari la juu upande wa choo, lakini fundi amekwisha kuliziba. Nyumba ya babetu imesimama, nami nimesimama ndani yake. Mwanao Alawiya ana afya njema na amerefuka, hata kanzu ya Idi sasa inamfika magotini.

Barua yako imenifikia kwa meli, yapata wiki moja sasa. Nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikaa, mara ya pili nikasimama, mara ya tatu nikaizungusha ua mzima nikisema peke yangu, mpaka jirani yetu Barka akachungulia kuuliza kama nimepatwa na jambo. Waniambia umesikia mwanao ameharibika mikononi mwangu. Kwamba amefukuzwa chuo cha Kurani, kwamba hatulii, kwamba tumeifanya nyumba ya wazee banda la kuku. Waniagiza nimfungie nguo zake, nimpakie chomboni mwa nahodha Bwanamkuu kaskazi hii, aje Unguja kwa Bi Swafiya akalelewe upya.

Upya! Haya. Jibu lako utalipata, Athman, usiwe na haraka. Lakini kwanza utasikia habari za kuku tangu mwanzo, kutoka kwangu niliyekuwapo, wala si kwa yule aliyepita na kikombe cha kahawa mkononi.

Ni kweli, chuoni alirudishwa. Ilikuwa mwezi wa Shaabani. Alimpiga binti wa watu kwa ubao wake wa kusomea, akampasua mdomo. Mwalimu Husseini akamleta mwenyewe mpaka mlangoni, akaniambia kwa adabu zote kwamba mtoto akipata utulivu arudi. Nilimuuliza Alawiya sababu. Hakusema. Nikamfokea, hakusema. Nikambembeleza kwa halua, akaila halua yote na hakusema. Wajua alikoutoa ukaidi huo, sina haja ya kutaja jina.

Basi akawa nyumbani kutwa, na mtoto wa miaka tisa kutwa nyumbani ni balaa. Mara yuko juu ya paa, mara amevunja chungu, mara yuko nje ndiani anabishana na wachuuzi wa samaki. Hakai chini hata kumaliza sahani ya wali. Mimi nilikuwa nimechoka, nakwambia kweli, na sauti ilikuwa imenikauka kwa kumwita.

Hapo ndipo Barka alipotuletea kuku. Barka wewe humjui. Ni mwanamke wa Chundwa, mjane kama mimi, alihamia nyumba ya nyuma mwaka ule ule ulioondoka wewe. Alikwenda kwao kuzuru, akarudi na tetea wa kuchi, wale kuku warefu wa kisiwani Pate, wenye shingo ndefu na miguu ya maringo. Akampakata Alawiya yule kuku mapajani, akamwambia, "Huyu wako. Ukimkimbiza hatakupenda." Kisha akaenda zake kupika.

Alikuwa mweusi ti, na manyoya ya shingo yakimeta kijani juani. Alawiya akamwita Bi Arusi kwa vile alivyokuwa akitembea, hatua moja, kisha anangoja atazamwe. Tangu siku ile mtoto akajifunza kutembea polepole ndani ya nyumba. Mimi nikasema moyoni, lo, Barka huyu mjanja.

Sasa sikia alichofanya Bi Arusi. Tulimtengenezea kikapu kizuri uani, tukakitandika majani makavu, tukamwekea na kipande cha gunia kumkinga jua. Hata hakukitazama. Aliingia msana wa tini, kile chumba kirefu cha chini tulipokuwa tukilala siku za joto, akapanda kiti cha enzi cha babetu. Ndiyo, kile kile cha mpingo chenye nakshi za mfupa, ambacho wewe ulichapwa ukiwa mdogo kwa kukikalia na tope. Akajizungusha kwenye ule msuko wa kamba uliolegea katikati, juu ya kimkeka chake, akataga.

Nilimwondoa mara tatu. Mara ya nne Barka akaniambia kuku akishachagua mahali, ukimhamisha atayasusa mayai. Nikakitazama kile kiti. Nikamtazama Alawiya, amesimama nyuma yangu hapumui. Nikasema basi, babetu aliwakaribisha watu wa kila nti, wa karibu na wa mbali, kwenye kiti hiki, na huyu ni mgeni kutoka Chundwa. Huo ulikuwa uamuzi wangu mimi, Athman. Mtoto hana lawama hapo.

Mayai yalipofika kumi na mawili Barka akaondoa moja, akasema mayai ya kuatamia kwao huwa witiri, hesabu isiyogawika kwa mbili. Yakabaki kumi na moja. Bi Arusi akayakalia mwezi sita Mfungo Mosi, siku chache tu baada ya Idi, na Alawiya akaanza kuhesabu siku kwa kuchora mistari ya mkaa ukutani. Ukuta ule nitaupaka chokaa mwenyewe, usinisumbue nao.

Siku ya kumi, nani akabisha hodi? Abdulhalim, mwana wa marehemu dada yetu, ametoka kwenu Unguja na viatu vinavyolia kila hatua. Nampenda Abdulhalim, nimempangusa kamasi kwa leso yangu mwenyewe. Alitoa salamu nzuri, akauliza hali, kisha akaelekea moja kwa moja kwenye kiti cha enzi ili akae kama bwana mkubwa. Bi Arusi akamdonoa kidole. Akaniambia nimwondoe kuku. Nikamwambia, "Mkeka huo hapo, mwanangu, kaa."

Kila ulichoambiwa kuhusu banda la kuku kimetoka hapo, kwenye kidole chake. Alikunywa vikombe viwili vya kahawa na muda wote macho yake yalikuwa kwa yule kuku. Akasema, "Lo, kuku mkubwa, na mayai mengi hivi!" Basi, akanyamaza. Mashaallah haikumtoka. Niliingoja. Nikamwongeza kahawa nikiingoja. Akaaga, akavaa viatu vyake, akaondoka, na haikutoka.

Hapa ndipo lilipo kosa langu, nami nalikiri kwa mkono wangu, maana Abdulhalim halijui. Hofu ilinishika. Mimi kuku sikupata kufuga maishani mwangu, lakini wanawake waliojifungua nimewauguza wengi, na wewe wajua kwetu mzazi akitazamwa kwa jicho la namna ile hufanywa nini. Hufukizwa. Basi kesho yake asubuhi nikamfanyia Bi Arusi kama nilivyomfanyia marehemu Hindu, mkeo, alipomzaa Alawiya. Nikashusha mapazia, nikatia makaa kwenye chetezo, nikamwaga ubani kwa wingi na kipande kizuri cha udi nilichokuwa nimekiweka tangu zamani, nikasoma nilichosoma, nikakisukuma chetezo chini ya kiti.

Athman, kile kiti ni cha kamba. Moshi ulipanda kwenye matundu yote kwa pamoja.

Bi Arusi alipiga ukelele ambao nadhani ulifika sokoni. Akaruka juu ya kichwa changu, akatoka na pazia, akapanda ukuta wa ua, akakaa kule juu anakohoa. Ndiyo, kuku anakohoa! Nikamwita, nikamrushia mchele, nikamwomba radhi kwa maneno ambayo marehemu mume wangu hakupata kuyasikia. Akanigeuzia mkia. Na mayai yale pale juu ya kiti, peke yake, yanapoa. Nilisimama na chetezo mkononi nikaanza kulia kwa hasira juu ya nafsi yangu, mwanamke mzima wa miaka hamsini na mbili, nimemfukiza kuku!

Alawiya hakulia. Alikitwaa chetezo mkononi mwangu akakipeleka uani. Akafunua mapazia. Akaniambia, "Shangazi, nipe leso yako, hiyo uliyojifunga." Alitaka joto la mwili. Akalala chali juu ya mkeka, akayapanga mayai yote kumi na moja juu ya tumbo lake, moja moja, akayafunika kwa leso, akaweka mikono yake juu, akatulia.

Akatulia! Lisome neno hilo mara mbili, kisha umsomee na Abdulhalim. Mtoto asiyeweza kumaliza wali alilala pale tangu jua la asubuhi mpaka adhana ya alasiri. Nzi alimtua puani, hakumfukuza. Adhuhuri nilimlisha uji kwa kijiko, ukamwagikia shingoni, akauacha ukauke. Kila baada ya muda aligeuza yai moja kwa ncha za vidole, vile alivyomwona kuku wake akifanya, kisha akarudi kimya. Mimi niliyemlea tangu ana miaka mitatu nilikaa kando yake nikimtazama, na nikaona nilikuwa simjui.

Na katika utulivu ule akaniambia. Sikumuuliza. Alikuwa anahesabu boriti za dari, akasema tu kwamba yule binti wa chuoni alimwambia mbele ya wenzake, "Wewe huna baba. Baba yako ni karatasi." Ndiyo sababu ya ule ubao. Mdomo ule ulipasuka kwa neno hilo.

Na nani aliyeufundisha mtaa kusema hivyo, kama si mimi? Kila barua yako ilipokuja niliisoma kwa sauti karibu na dirisha, ili watu wajue ndugu yangu hanisahau. Nilikuwa najivuna nazo. Miaka sita nimezisoma hivyo, na mtoto amekaa chini anasikiliza salamu zake zikifika mwisho kabisa, baada ya habari za karafuu.

Sitaongeza neno hapo kwa sasa. Nakurudisha kwa kuku.

Barka alikuja baada ya sala ya adhuhuri, akaona hali ilivyo, akacheka mpaka akashika mlango. Akaambiwa na Alawiya, "Usinichekeshe, mayai yatatingishika." Akafunga mdomo papo hapo. Alikifua kile kimkeka kwa maji ya ndimu, akakipangusa kiti, akakianika juani mpaka harufu ikatoka. Kisha akaenda kukaa chini ya ukuta, akila mkate wake na kuangusha makombo, wala hakumtazama kuku hata mara moja. Wakati wa alasiri Bi Arusi akashuka. Akala makombo, akaingia msana, akakikagua kiti pande zote, akanitazama mimi kwa jicho moja, akapanda. Tukamrudishia mayai chini ya kifua, bado yana joto la mtoto.

Siku kumi zilizofuata sikupika chakula cha maana. Nilikuwa nikitia chumvi mara mbili au nasahau kabisa. Nilijua kosa ni langu, na nilijua kama hakuna litakaloanguliwa, yule mtoto hataniambia neno, na kutoniambia kwake ndiko nilikokuogopa. Asubuhi ya siku ya ishirini na moja akanishika mkono, akaniwekea yai sikioni. Nikasikia mlio ndani yake. Ndugu yangu, nimeisikia siwa, ile pembe kubwa ya mji, ikipigwa kwenye arusi yangu mwenyewe, lakini mlio ule mdogo uliishinda. Mpaka jua linatua walikuwa wanane. Wanane katika kumi na mmoja, baada ya masaibu yale! Mashaallah, mashaallah, mashaallah, nasema tatu, moja ni ya Abdulhalim.

Na usidhani kazi iliishia hapo. Vifaranga si wa kutazama tu. Alawiya alikuwa akiamka kuwachambulia chenga za mchele, akazichanganya na machicha ya nazi tuliyokwisha kuikamua. Maji aliwawekea kwenye kifuu kisicho na kina, wasizame. Maana wetu hupenda kuoga, huoga hata mchangani, sijui wametoa wapi usafi huo. Mchana aliwafunika kwa tenga akienda kula, na jua likihama naye alihamisha tenga. Paka wa Amu wawajua walivyo wengi, na habari za vifaranga zilifika kwao kabla ya kufika kwa majirani. Siku ya tatu mmoja wao alirukia ukutani na kumtwaa mdogo kuliko wote mbele ya macho yetu. Alawiya alilia mpaka akapata kwikwi. Kisha akafuta uso, akachukua ufagio, akakaa mlangoni pa msana, na tangu siku hiyo hakuna paka aliyevuka.

Mwezi uliofuata wakapata ugonjwa, wakajikunyata na kufumba macho. Barka akaleta shubiri, tukaiponda ndani ya maji yao. Alawiya akawanywesha kwa kidole, tone tone, mmoja baada ya mwingine, kutwa mara tatu. Wote saba wakapona. Wazee wawili wa mtaa wetu wamepoteza kuku wao wote kwa ugonjwa ule ule, na sasa wanamtuma Bi Umulkheir wa hapa jirani aje kumuuliza mwanao shubiri hutiwa kiasi gani. Mwanao, Athman. Miaka tisa. Watu wazima wanamwuliza.

Wale saba sasa ni matetea watano na majogoo wawili. Mmoja wa majogoo ameanza kuwika wiki hii, kwa sauti iliyovunjika inayochekesha, naye anajiona. Alawiya amemwita Liwali. Nimemwonya asimwite jina hilo karibu na dirisha, mkubwa wa mji mwenye cheo hicho asije akasikia. Wakimwona anarudi nyumbani humpokea mlangoni wote saba, humfuata ngazi kwa ngazi mpaka juu, na Bi Arusi nyuma yao anawahimiza. Mimi nikiwaita hawaji. Mimi ni wa moshi.

Anarudi nyumbani kutoka wapi? Kutoka chuoni, bwana! Hiyo Abdulhalim hakukuambia, kwa kuwa ilikuwa amekwisha ondoka. Vifaranga walipofikisha wiki mbili mtoto aliniambia mwenyewe, "Shangazi, nimetulia sasa. Naweza kurudi." Nikamvalisha, nikampeleka. Akamwomba radhi yule binti, akampa manyoya mawili meusi ya Bi Arusi, na sasa ni marafiki, Mungu atusaidie, maana wakiwa pamoja kelele ni mara mbili. Kila alasiri huwaketisha kuku wake chini ya ukuta wa birika la maji uani akawasomea sura alizojifunza. Wakiondoka kabla hajamaliza, huanza tena. Ijumaa iliyopita amehitimu Juzuu Amma. Mwalimu Husseini, asiyemsifu mtu hata akimtoa kisimani, alikuja mpaka mlangoni akasema mtoto huyu ametulia, ana kituo. Kituo! Nilisimama nyuma ya mlango nikauma leso nisipige vigelegele.

Nilipika wali wa nazi kwa chuo kizima, na samaki. Watu walinong'ona kwamba nyumba ina kuku wanane na wageni wanalishwa samaki. Wacha wanong'one. Nyumba hii kuku hachinjwi, nawe ukija utakula samaki.

Sasa jibu lako.

Nahodha Bwanamkuu alikuja juzi kuuliza sanduku la mtoto. Ni mtu mwema na sina ugomvi naye. Nilimpa kahawa, nikampa mayai ya kuchemsha ya Bi Arusi ale ndiani, nikamwambia sanduku halipo. Mtoto sikumpa. Nimempa barua hii, ndiyo unayoisoma.

Usiseme nimekunyang'anya mwanao. Ni wako. Siku ukisimama hapa mlangoni ukasema umekuja kumtwaa, nitamfungia nguo zake kwa mikono yangu, na nitamfungia tenga la kuku pia, kisha nitaingia ndani nikafunge mlango wangu. Nakwambia bila kuficha kwamba naiogopa siku hiyo. Nyumba hii ilikuwa kimya sana kabla yake, na mimi si mtu wa kukaa kimya. Lakini kumpakia baina ya magunia kwa mtu asiyemkumbuka, akalelewe upya, kana kwamba kulelewa huku hakukuwa kitu? La. Mtoto huyu hakuharibika. Nimemlea mimi, na najivunia kila unywele wake, na kila kuku wake.

Barka akusalimu, ingawa humjui, na asema amekwisha kukujua kwa barua zako. Mwalimu Husseini akusalimu. Bi Umulkheir na watu wa nyumbani kwake wakusalimu sana. Nisalimie Bi Swafiya kwa mara ya pili, umwambie sina kinyongo naye hata kidogo, na huenda akawapenda kuku. Nisalimie na Abdulhalim, na kidole chake.

Nilitaka kuifunga barua hapa. Lakini kuna neno ambalo nimelizunguka tangu mwanzo, na kama sikuliandika nitakuwa nimekuandikia bure.

Siku barua yako ilipofika nilimwita Alawiya, nikamsomea yote, kwa sauti ya tini, mbali na dirisha. Nilimsomea na pale uliposema ameharibika, maana yeye si mtoto wa kufichwa. Alikaa amempakata Liwali, anamkuna shingo, hakutingishika mpaka nilipofika mwisho. Nilidhani atalia au atakataa, nikawa nimekwisha kutayarisha maneno. Akaniuliza jambo moja tu. "Shangazi, baba akinikuta ndiani, atanijua?"

Bado anangoja jibu, na si mimi wa kulitoa. Njoo ulitoe wewe.

Mola akuondolee kikohozi, akufungulie kheri, akulinde wewe na mkeo, na akulete nyumbani ukiwa mzima.

Mimi dada yako, nikupendaye hata nikikasirika,
Mwanamkisi binti Muhdhar